Gharama za Kumaliza Hospitali ya Lalofetu, Hadi Sene ya Mwisho

Jumatatu, 8 Julai

Nimeteuliwa! Barua ya Kamati ya Majengo imefika kwa feri ya asubuhi, pembe moja imelowa, muhuri mzima. Kazi: kukadiria gharama za kumaliza Hospitali ya Lalofetu, ambayo haijaongezwa hata tofali moja kwa miezi ishirini na minane. Kuta zipo. Kenchi zipo. Nusu ya paa ipo. Milango, maji, umeme: hakuna. Makadirio yatasomwa Apia, mji wetu mkuu, Jumanne ijayo, tarehe kumi na sita, nayo lazima yaambatane na sahihi ya fundi mkuu aliye tayari kuimaliza kazi. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, fedha zitahamishiwa ukuta wa bahari wa wilaya nyingine, na hospitali yetu itabaki kuwa zizi la nguruwe.

Mkadiriaji Mkuu wa Serikali anastaafu Desemba. Sisemi zaidi.

Aya ya mwisho ya barua imenitia ukakasi. "Kwa ajili ya ulinganisho" Kamati imemteua pia Kalepo. Tulisoma darasa moja kule Suva. Yeye alikadiria kwa macho akapata alama themanini. Mimi nilipima kila kitu mara tatu nikapata themanini na mbili. Hajanisamehe zile mbili. Mimi sijamsamehe zile themanini.

Mke wangu, Fuatino, ni mkunga wa zahanati ya hapa: vitanda viwili, na pazia moja linalohamishwa. Nimemsomea barua nikiwa nimesimama. Hakushangilia. Aliuliza kama wodi ya wazazi imo. Nikamjibu kwamba kila kitu kimo. Akasema mwezi uliopita mama mmoja alijifungulia ndani ya feri, kati ya lori la magimbi na pikipiki, na kwamba akisikia tena jambo kama hilo atanituma mimi nikazalishe.

Nimechonga penseli tisa.

Jumanne, 9 Julai

Nimeingia jengoni alfajiri. Lazima niliandike hili kwa utulivu.

Nilipanda ngazi kukagua kenchi. Michoro inadai bolti mbili katika kila kiungo. Bolti zipo, mbili mbili, zimekazwa barabara. Lakini juu ya bolti, mahali ambapo jicho la mgonjwa wala la mkaguzi halitafika kamwe, kila kiungo kimefungwa kwa kamba ya makumbi, nyekundu na nyeusi, mistari ikikutana katikati kama mifupa ya samaki. Viungo mia moja thelathini na sita! Hakuna kifungu cha mkataba kinachotaja kamba. Hakuna aliyelipwa kwa ajili yake. Na dari ikishapigwa, hakuna atakayeiona mpaka jengo libomolewe.

Nimekaa juu ya ngazi dakika arobaini bila kuandika tarakimu. Kisha nikaandika: kamba za makumbi, viungo 136, thamani haikadiriki. Nikalifuta neno la mwisho. Halikubaliki kitaaluma. Nimeacha nafasi wazi.

Kazi hii ilisimamiwa na mzee Sakaio, fundi mkuu wa upande huu wote wa kisiwa. Faili inasema kwamba yeye na mafundi wake "waliondoka kwa sababu binafsi". Wazee wana sababu nyingi binafsi.

Adhuhuri Kalepo akaja na kamera inayoruka. Ikalizunguka jengo kwa dakika sita, ikatua, basi, kazi imekwisha. Kabla hajaenda kwa mchungaji, anakolala na kulishwa nyama ya nguruwe yenye tui, aliniita kutoka chini, mbele ya akina mama waliopanga foleni ya zahanati: ee Poasa, kaka yangu, umefika msumari wa ngapi? Nikamjibu kwa adabu kwamba nimefika wa elfu moja mia mbili na tatu. Akina mama wakacheka mpaka mmoja akashika tumbo na Fuatino akatoka mbio kuangalia kama ni uchungu.

Sielewi kilichochekesha. Hiyo ndiyo iliyokuwa idadi.

Jumatano, 10 Julai

Jumla imekamilika. Tala 3,187,442 na sene 65, faida ya fundi ikiwa asilimia kumi na mbili. Nimeitazama kwa muda mrefu. Ina uzuri wake.

Sasa hila. Ni lazima nijue jumla ya Kalepo. Nilikwenda kwa mchungaji kwa kisingizio cha kuomba maombi kwa ajili ya kazi yangu. Mchungaji akafurahi, akafumba macho, akaomba. Akaomba kwa ajili yangu, kwa ajili ya wazazi wangu, kwa ajili ya visiwa vyote. Mimi sikufumba. Karatasi ya Kalepo ilikuwa mezani, kando ya bakuli, na mwisho wake ulisomeka waziwazi: 2,960,000.

Sufuri nne! Hayo si makadirio, ni uvumi. Lakini ni madogo kuliko yangu, na Kamati hupenda udogo.

Nimeketi nikaishusha faida ya fundi kutoka kumi na mbili hadi nne. Jumla mpya: 2,959,768 na sene 17. Nimempita kwa tala 231 na sene 83. Sijawahi kuona pigo jembamba namna hii. Mchungaji aliniambia mlangoni kwamba ameona nilivyoguswa na sala, maana machozi yalikuwa yananilengalenga. Kwa kweli nilikuwa nimekodoa macho robo saa bila kupepesa.

Alhamisi, 11 Julai

Siku ya kutafuta sahihi. Nimewaendea mafundi watatu, wote wenye vyeti, wote wenye zana, wote wamekaa bure tangu Aprili.

Wa kwanza akasema mgongo unamsumbua. Alikuwa amebeba gogo alipokuwa akisema hivyo. Wa pili akasema dada yake anaolewa. Nikauliza lini. Akasema bado hajapata mchumba. Wa tatu, Lomi, hakusema udhuru wowote. Aliniuliza tu kama siku hizi ninaonana na mzee Sakaio. Nikasema hapana, kwani ana nini? Akanitazama kwa huruma, akanipa shelisheli moja ya kuchoma, kama mtu anayempa mkono mfiwa.

Nikarudi barabarani nikafikiri. Jambo ni dhahiri: asilimia nne ni ndogo mno. Nikaketi juu ya jiwe, nikairudisha kumi na mbili, nikawarudia wote watatu. Mgongo, harusi, shelisheli ya pili. Nikapandisha hadi kumi na tano. Hapo wa kwanza akaingia ndani akafunga mlango. Mwenye harusi akaniambia taratibu: mheshimiwa, hata ukinipa asilimia hamsini, nitakula wapi na watoto wangu katika kijiji hiki? Sikuelewa. Katika vitabu vyote nilivyosoma hakuna sura inayoeleza namna ya kumhesabu mtu anayekimbia faida.

Mchana mvua ikanyesha kwa hasira. Vitanda vyote viwili vya zahanati vilikuwa na watu, na mama wa tatu akaletwa akiwa amekaribia. Fuatino hakupoteza muda. Alimvusha uani, akamwingiza katika ile nusu ya hospitali yenye paa, akatandika mikeka juu ya zege, akanipigia kelele mimi niliyekuwa nimejikinga pale na daftari langu: usisimame kama mwiba wa samaki, Poasa, shika mwavuli! Nikashika. Paa lilivuja mahali kumi na nne. Mimi nilisimama chini ya pa tisa.

Yule mama alikuwa akitazama juu wakati wote, kwenye kenchi, kwenye zile kamba. Alizifuata kwa macho, kiungo hadi kiungo, akipumua. Nadhani alikuwa akizihesabu. Macho yake yalipofika karibu na mlango wa chumba cha upasuaji, mtoto akatoka akilia kwa sauti iliyojaza jengo zima tupu, kuta zote zikamrudishia.

Msichana. Kilo tatu na gramu mia sita, kwa mizani ya Fuatino.

Sikuandika vipimo vingine leo. Ukurasa ulikuwa umelowa. Nadhani ni lile tundu la tisa.

Ijumaa, 12 Julai

Siku ya mshangao mkubwa kuliko yote katika maisha yangu ya kitaaluma.

Kalepo alikuja nyumbani mwenyewe, bila kamera. Alikuwa amekonda. Akakiri kwamba yeye pia amewaendea mafundi wale wale, tena amewaahidi asilimia ishirini, na wamemkataa wote. Tukaketi pamoja kwa mara ya kwanza tangu Suva, tukilipima tatizo pande zote: bei ya saruji, hali ya bahari, uvivu. Fuatino alikuwa jikoni akikuna nazi. Mkuno ukakoma. Kisha tukamsikia akicheka, akicheka, mpaka akaketi sakafuni.

Akatueleza kama anayeeleza watoto kwamba moto unaunguza. Nyumba iliyoachwa na fundi mkuu haimalizwi na fundi mwingine. Haiguswi. Haipigwi hata msumari, mpaka yule wa kwanza aiachie kwa kinywa chake. Atakayethubutu hatapata msaidizi, wala mkopo wa msumeno, wala mtu wa kumpa mkono kanisani.

Nikamwambia desturi hiyo naifahamu vizuri; nimeisoma. Inahusu nyumba za zamani, za mviringo, za makuti. Hii ni ya zege na mabati, yenye namba ya mkataba. Akaniuliza ni nani aliyeniambia kwamba desturi huangalia kwanza ukuta ni wa nini.

Kalepo akauliza kwa nini basi mzee Sakaio aliondoka. Fuatino akamwelekeza kwangu kwa ncha ya mbuzi ya kukunia: muulize huyo mwenye wino mwekundu.

Nikaenda kwenye faili. Kifungu cha 88 cha makadirio ya kwanza, yale niliyoyakagua mimi: "Chakula cha heshima kwa mafundi, siku ya kuinua paa, tala 4,312." Kimekatwa kwa mstari mmoja mwekundu, ulionyooka sana. Pembeni, kwa mwandiko wangu: "Mafundi wana mshahara. Kila mmoja aje na chakula chake." Nakala ilipelekwa kwa fundi mkuu, kama kanuni inavyotaka. Siku ya kuinua paa mafundi ishirini na wawili walipewa biskuti kavu na chai. Kesho yake waliweka zana zao begani wakaenda nyumbani. Na mimi niliutaja ufutaji huo katika barua yangu ya kuomba kupandishwa cheo, aya ya pili!

Nimegawanya. Kila tala moja niliyookoa imezuia kazi ya tala mia saba thelathini na tisa. Sijawahi kukutana na uwiano wa aina hiyo. Kama si wangu, ningeuandikia makala.

Nilimuuliza Fuatino kwa nini hakuniambia kwa miezi ishirini na minane. Akasema kijiji kizima kilidhani ninajua. Yeye mwenyewe alidhani ninaibeba aibu yangu kimyakimya, kama mtu mzima, na kwamba mwaka ule hilo ndilo jambo pekee lililomfanya anistahi.

Kalepo alikula nazi yetu yote.

Jumamosi, 13 Julai

Radhi lazima iombwe. Njia ni moja: kuketi alfajiri mbele ya nyumba ya uliyemkosea, umefunikwa mkeka wa heshima kichwani, ukisubiri. Akiuinua mkeka, umesamehewa. Asipouinua, kaa hapo hapo.

Nimeifanyia kazi hiyo makadirio. Mkeka mmoja. Nguruwe mmoja, wa kati. Saa za kuketi: tatu, pamoja na akiba ya dharura ya nusu saa. Nikaenda sokoni nikanunua mkeka kwa bei nzuri sana. Muuzaji alinipunguzia bila hata kuombwa. Nikamwonyesha Fuatino. Aliutazama, akauliza kama ninakwenda kuomba radhi au kupangusa miguu.

Kisha akaingia chumbani akatoka na mkeka wa mama yake.

Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na tisa. Sikujua kwamba kitu hicho kimo ndani ya nyumba yangu. Ni laini kama kitambaa cha hariri, una rangi ya asali, na pindo lake ni manyoya mekundu. Ulisukwa kwa miaka kumi na mmoja. Nikachukua rula na kioo cha kukuzia, nikahesabu nyuzi katika upana wa kidole, nikataka kuzidisha. Nilipata jibu, nikadhani nimekosea, nikarudia, nikapata lile lile. Nikaiweka penseli chini.

Nilimwambia hauwezi kutolewa. Ukishatolewa haurudi. Akanijibu kwamba hilo analijua kuliko mimi. Kwamba mama yake aliusuka kwa ajili ya jambo kubwa. Na kwamba yeye ama atafanya kazi katika wodi ile, ama atazeeka akiwa ameshika mwavuli. Akaukunja, akanikabidhi, akaniambia nisithubutu kuutilia bei katika daftari.

Sikuutilia. Nimeacha nafasi ya pili wazi.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani. Kazi ni marufuku, hata ya penseli. Watu wote wananitazama; habari imekwisha kuenea. Mzee Sakaio aliketi safu ya mbele kabisa, shingo imenyooka kama nguzo, nguo nyeupe isiyo na kunyanzi moja. Hakugeuka. Nilijaribu kukohoa kwa namna ya mtu anayejuta. Fuatino akanifinya.

Jumatatu, 15 Julai

Kesho Kamati inaketi. Feri ya mwisho ya kuniwahisha ni ya saa kumi jioni.

Nilifika kabla ya jogoo. Nikaketi chini, miguu nimeikunja, nikajifunika mkeka. Nikasikia mtu akiketi kando yangu, akihema. Nikachungulia. Kalepo! Amejifunika mkeka wa mchungaji! Nikamnong'oneza: unafanya nini hapa? Akaninong'oneza: nataka sahihi, kama wewe. Nikamwambia yeye hajakosea chochote. Akasema hilo halimzuii kuomba radhi.

Jua likachomoza. Nyumba ikaamka. Nikasikia kikombe, ufagio, mtoto akiulizwa kama amenawa. Kisha hatua nzito. Mkeka wa kando ukainuliwa, na sauti ya mzee ikasema: wewe ni wa nani? Kalepo akajitaja. Mzee akamwambia, haya mwanangu, wewe hukunikosea kitu, ondoka juani uje unywe chai. Wakaenda.

Nikabaki peke yangu. Nakiri nilijawa na fahari. Kwa mara ya kwanza nimempita Kalepo kwa sifa ambayo haiwezi kubishaniwa: kosa langu ni la kweli.

Saa tatu nilizokadiria zikapita. Na nusu saa ya dharura. Saa nne. Saa tano. Nilimsikia Kalepo akicheka barazani na kuombwa aongezewe gimbi. Chini ya mkeka mwanga ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi, na kupitia kila unyuzi niliuona mwingine, na nyuma ya huo mwingine. Miaka kumi na mmoja, niliwaza, mikono miwili. Miguu ilikufa ganzi. Nikaanza kuelewa jambo fulani, lakini kabla sijalimaliza, mkeka ukainuliwa. Saa saba kamili mchana.

Mzee Sakaio aliketi mbele yangu. Hakuonekana mwenye hasira. Nikaanza kuisoma radhi yangu, iliyokuwa na sehemu nne. Katika ya pili akanisimamisha kwa kiganja. Akasema: biskuti, mheshimiwa mkadiriaji. Vijana wangu walikuwa juu ya paa toka usiku haujaisha, wake zao wamesimama chini kuwatazama, na wewe ukawaletea biskuti. Nikasema ndiyo, mzee. Akasema: si njaa, mwanangu. Nyumbani kwangu chakula kipo. Mtu unampa nyama ajue kwamba umemwona. Nikasema ndiyo, mzee. Akaushika ukingo wa mkeka, akautazama kwa muda, akauliza ni wa nani. Nilipomtajia mama yake Fuatino, akavua kofia.

Kisha akauliza: haya, kazi iliyobaki ni kiasi gani? Nikafungua daftari. Akaniambia nilifunge, nimsikilize. Akafumba macho akaanza. Milango hamsini na mitatu, saba kati yake ya kuruhusu kitanda kupita. Plasta, vyumba thelathini na kimoja. Mabati ya kumaliza paa, mia sita kumi na manne.

Nilikuwa nikifuata kwa kidole. Sawa. Sawa. Hapo nikamkatiza kwa heshima zote: mabati ni mia sita kumi na mawili, nimepima mara tatu. Akafumbua jicho moja. Manne, akasema.

Tulikwenda jengoni. Kijiji kizima kilifuata. Nyuma ya jengo, juu ya kibaraza cha kupokelea wagonjwa, mti ulikuwa umeinamisha tawi lake. Mzee aliliinua kwa fimbo. Chini yake, pengo la mabati mawili.

Alikuwa hajakanyaga pale kwa miezi ishirini na minane! Nilijikuta nimeketi chini tena, bila mkeka, bila sababu ya itifaki. Mtu huyu amekuwa akilibeba jengo lote kichwani, na usiku, Lomi aliniambia, huwa analipitia chumba kwa chumba ili lisimponyoke. Ningesema zaidi, lakini maneno yangu yote ni ya jedwali.

Akasema atalimaliza yeye mwenyewe, na vijana wale wale. Nikampa karatasi. Alisoma jumla, pamoja na mabati mawili na kifungu cha 88 nilichokirudisha. Akauliza: hizi sene mwishoni ni za nini? Nikamweleza ni nusu pakiti ya skrubu. Akatafakari. Akasema: nitazitumia. Akatia sahihi kwa penseli ya useremala.

Feri niliiwahi nikichechemea.

Jumanne, 16 Julai

Imepita!

Kalepo alisoma kwanza, akasema makadirio yake hayana sahihi, akaketi. Mimi nilisoma kurasa arobaini na moja. Wawili wa Kamati walisinzia kwa unyenyekevu. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: kama fundi yupo. Nikainua sahihi. Wakapiga kura. Fedha ni za Lalofetu! Mzee Sakaio ataanza Jumatatu ijayo, na wodi ya wazazi ndiyo ya kwanza.

Nilimpigia Fuatino simu. Aliitangaza habari papo hapo. Kisha nikasikia zahanati nzima ikipiga makofi, na mwanamke mmoja akiuliza kwa sauti kama atapata nafasi ya kumzaa mtoto mwingine humo.

Kalepo alinishika mkono ngazini akasema: umeshinda kwa kosa lako, kaka, mwenzio nilikuwa safi mno. Nimeamua kuichukulia kama pongezi.

Jambo dogo. Katibu alinifuata akasema kifungu cha 88, chakula cha heshima, kimeandikwa kwa ujumla mno. Si vibaya nikitia neno moja la maelezo nikipata nafasi. Neno moja! Amemwambia mtu anayefaa.

Jumatano, 17 Julai

Nimerudi nyumbani, nimefanya kazi tangu alfajiri, na nina furaha isiyo kifani. Sitarudia kosa la wino mwekundu. Nimeelewa sasa kwamba heshima ya fundi ni kitu kikubwa, na kitu kikubwa hakiachwi bila vipimo.

Matokeo: Jedwali la Heshima, kurasa sita. Fundi mkuu, nyama gramu 412, kwa kadirio la kati. Fundi wa kawaida, gramu 260. Msaidizi, gramu 185, mfupa ukiwemo. Gimbi moja na robo kwa kila kichwa. Tui kwa kijiko kilichosawazishwa. Kila sahani itapimwa mbele ya mlaji, na mlaji atatia sahihi kuthibitisha kwamba ameheshimiwa kwa kiwango kilichoidhinishwa. Mabaki yatarejeshwa. Kwa utaratibu huu kifungu kimeshuka kutoka tala 4,312 hadi 3,904 na sene 20, bila kumpunguzia mtu heshima hata gramu moja. Nimeazima mizani ya zahanati, ile ya watoto. Nakala ya kwanza nimeipeleka kwa mzee Sakaio mchana huu, kama kanuni inavyotaka, nikaiacha kwa mkewe kwa kuwa mzee mwenyewe alikuwa akinoa patasi zake kwa ajili ya Jumatatu. Sina shaka ataguswa. Hakuna mkadiriaji aliyewahi kumwona fundi kwa makini namna hii.

Nilimpa Fuatino nakala ya pili. Ameisoma yote, mpaka tanbihi. Hakucheka, wala hakugomba. Ameinuka polepole, ameingia chumbani, na kutoka hapa ninapoandika namsikia akifungua sanduku na kutoa mikeka yake mizuri, mmoja baada ya mwingine, akiikung'uta na kuilinganisha.

Nimemuuliza anatafuta nini. Amenijibu tu nikalale mapema leo, maana kesho huenda nikahitajika alfajiri.